TinEye: kuichunguza picha ya mchumba wa mtandaoni

Mwaka jana shangazi yangu alinikabidhi simu yake nimwone mwanamume aliyejitambulisha kuwa daktari wa jeshi la Marekani aliyeko Siria, ambaye baada ya wiki sita za maneno matamu alikuwa ameomba fedha za kukomboa sanduku la zawadi lililokwama forodhani Dar es Salaam. Hapo ndipo nilipoanza kutumia TinEye, huduma ya kutafuta chimbuko la picha iliyoanzishwa mwaka 2008 na kampuni ya mjini Toronto, Kanada.

Huduma hii haidai malipo wala kujisajili. Unapakia picha, na baada ya sekunde chache unaonyeshwa kurasa ambamo imewahi kutokea. Ninachokithamini zaidi ni kwamba matokeo yanaweza kupangwa kuanzia nakala ya zamani kabisa: picha ya "daktari" ilikuwa imewekwa mtandaoni miaka mingi nyuma, chini ya jina jingine na kazi nyingine. Shangazi alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Na huyu mwenye sura yake, anajua kwamba anatumiwa hivi?"

Hata hivyo, TinEye haitambui nyuso; inatafuta nakala za picha ileile tu. Picha iliyoibwa kwenye akaunti ya faragha, au sura iliyotengenezwa na akili mnemba, haitaleta jibu lolote, na kwangu hapa ndipo penye hatari kubwa, kwa kuwa nimemsikia jirani akisema kwamba picha haikupatikana popote na kwa hiyo mchumba wake ni mkweli. Google Lens husaidia kidogo kwa kutafuta pia picha zinazofanana, ingawa huleta watu wengi wasiohusika. Hata simu ya video si kinga: mwaka 2024 polisi wa Hong Kong walikamata watu 27 wa genge lililotumia sura za bandia kuwalaghai watu kimapenzi.

Kwa hiyo nashauri picha ichunguzwe kwanza, lakini uamuzi ufanywe kwa kutazama njia ya fedha. Jeshi la Marekani limekwisha kuonya mara nyingi kwamba askari wake halipi chochote ili apewe likizo. Ushuru wa forodha Tanzania hulipwa kwa kontroo namba, yaani namba maalumu ya malipo ya serikali, si kwa namba ya simu ya mtu binafsi, ilhali "wakala" wa shangazi alitaka atumiwe kwa simu. Shangazi alipojaribu, jina lililojitokeza kabla ya kuthibitisha malipo halikuwa lile aliloambiwa.

Naipa TinEye nyota nne kati ya tano. Shangazi alighairi malipo, akaupeleka ujumbe wa "wakala" kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) kupitia namba 15040, na picha ya yule mgeni akaifuta mwenyewe.