Miezi saba na faiba dukani kwangu Nyegezi

Nina steshenari Nyegezi, jijini Mwanza, si mbali na stendi ya mabasi. Napiga kopi, naprinti, naskani, na siku hizi nusu ya kazi yangu ni kukaa na mteja mbele ya kompyuta tukijaza fomu za mtandaoni. Kwa miaka minne nilifanya kazi hiyo kwa bando la simu. Miezi saba iliyopita nikavuta faiba, yaani intaneti ya waya. Wenzangu wenye maduka wananiuliza kila siku kama inalipa, kwa hiyo naeleza nilivyoiona.

Nalipa shilingi 70,000 kwa mwezi, kasi ya Mbps 20, bila kikomo cha GB. Jina la kampuni silitaji, hili si tangazo. Kabla ya hapo mwezi wa kawaida ulikuwa unanila kama 60,000 ya mabando, na msimu wa mikopo ya wanafunzi nilikuwa napita 100,000 na bado wateja wanasubiri. Kwa hesabu ya duka peke yake, ndiyo, inalipa.

Lakini wacha niseme kuhusu huo msimu wa mikopo, maana ndio ulionifanya nichoke na bando.

Anayeomba mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hajazi fomu mara moja akaondoka. Cheti cha kuzaliwa kwanza kihakikiwe RITA, wakala wa serikali wanaosajili vizazi. Fomu ikishajazwa inaprintiwa, anaisaini yeye na mdhamini wake, inapelekwa serikali ya mtaa ipigwe muhuri, inapelekwa kwa wakili, halafu inarudi kwangu niiskani na kuipandisha mtandaoni. Agosti 2024 alikuja binti mmoja na baba yake kutoka Sengerema. Daraja la Kigongo–Busisi lilikuwa bado halijafunguliwa, wamevuka kwa kivuko na saa zimewapotea kwenye foleni. Kila karatasi ilikuwa na muhuri wake. Nikaanza kupandisha, bando likakata faili likiwa karibu kumaliza. Nikanunua jingine, mtandao ukawa mzito, ukurasa ukamtoa binti nje ya akaunti, tukaanza upya. Saa moja jioni baba akaniambia, "Mwanangu, tuache, tutarudi kesho." Walilala kwa ndugu yao Buhongwa. Kesho yake saa kumi na moja alfajiri nilifungua duka kwa ajili yao wawili tu, kwa sababu saa hiyo ndipo mtandao ulikuwa mwepesi. Ikapita. Yule mzee alinishukuru mpaka nikaona aibu, kwa sababu nilijua kilichowalaza Mwanza ni uchache wa bando langu.

Sasa faili kama lile linapanda kabla sijamaliza kupanga karatasi mezani. Kasi hiyo niliifurahia wiki ya kwanza, baadaye nikaizoea. Jambo ambalo sijalizoea ni jinsi watu walivyobadilika. Zamani nilikuwa nawaharakisha: soma upesi, bando linakula. Mteja anabonyeza "ninakubali" bila kujua amekubali nini. Siku hizi anakaa, anasoma mwongozo wote, anarudi nyuma, anauliza. Makosa ya fomu yamepungua, na naona kwa macho, maana waliokuwa wanarudi kurekebisha hawarudi tena kama zamani. Nimeweka benchi na meza nje chini ya kibaraza, shilingi 500 mtu anatumia mpaka jioni. Wanafunzi wa Malimbe wanapakua vitabu na kuangalia masomo ya video. Kuna mama anayeleta dagaa kutoka Ukerewe, anakuja kuangalia utabiri wa upepo ziwani unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla hajampigia kijana wake kumwambia apakie au asubiri. Simu yake ilikuwa na uwezo huo siku zote. Alichokosa ni bando la kutazama kitu kila asubuhi bila kuhesabu.

Hapa kuna hesabu ambayo naomba kila mnunua bando aifanye. Mbps ni biti, na GB tunazonunua ni baiti, na baiti moja ni biti nane. Kwa hiyo kasi ya Mbps 10 inashusha kama MB 1.25 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo GB 1 inakwisha kabla ya dakika 14. Tunatangaziwa mtandao wenye kasi kila mwaka, na ni kweli kasi imeongezeka, lakini mwenye GB 1 amepewa bomba nene na ndoo moja. Tena ndoo yenyewe ina saa ya kumwagwa, umeitumia au hujaitumia.

Tume ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia intaneti ya kasi ilijiwekea lengo mwaka 2018 kwamba kufikia 2025 katika nchi zinazoendelea intaneti ya kuanzia isizidi asilimia 2 ya wastani wa kipato cha mtu cha mwezi. Tukipima kwa kijana anayepata 150,000 kwa mwezi, hiyo ni shilingi 3,000. Nimenunua GB 1 kwa chini ya hapo mara nyingi, kwa hiyo mtu anaweza kusema tumefaulu. Mimi nakaa na huyo kijana kaunta. GB 1 haimtoshi kuomba kazi, kusoma na kumsaidia mdogo wake kwa mwezi mzima.

Mapungufu nayo yapo. Kufungiwa huo waya kulichukua wiki tatu za kupiga simu. Waya unapita juu ya nguzo, maana mtaa wetu ukichimba kidogo umekutana na jiwe, na lori lililobeba mbao liliukata mara mbili. Mara ya pili nilikaa siku nne bila huduma na sikurudishiwa chochote, jambo ambalo si haki. Umeme ukikatika ruta inazima, kwa hiyo nunua betri ndogo ya ruta siku hiyo hiyo unayofungiwa. Na faiba haikukingi na matatizo ya mbali: Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilipokatika nchi nzima ilisuasua.

Kubwa kuliko yote, nyumbani kwangu Mkolani, juu kwenye mawe, fundi alitazama mlima akasema hawafiki. Huko hata mtandao wa simu unashika tu ukisimama upande mmoja wa jabali. Walioko juu ndio wenye kipato kidogo, na ndio wanaoshuka kwangu na 500 mkononi.

Benchi langu halitoshi, na halipaswi kuwa tegemeo la mtaa mzima. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, yaani waya mkuu wa faiba wa serikali, umefika Mwanza. Ulijengwa kwa mkopo kutoka China, deni ambalo tunalilipa sote. Maji tumeshajifunza namna yake: asiyeweza kuvuta bomba nyumbani anakwenda kwenye kioski, bei inajulikana, na hakuna anayemwambia ndoo yake itaisha muda usiku wa manane. Nataka hivyo hivyo kwa intaneti. Maktaba ya mkoa, stendi ya Nyegezi, mwaloni Kirumba, ofisi ya kila kata, zahanati. Iwe ya kasi, bila kikomo cha GB, kwa bei ya nauli ya daladala au chini yake, na wanafunzi wasilipe.

Nimeandika barua ya ombi hilo kwa diwani wetu, tukianza na ofisi ya kata. Daftari la saini liko kaunta, kushoto kwa mashine ya kopi. Duka linafunguliwa saa moja asubuhi mpaka saa mbili usiku, Jumapili kuanzia saa nane mchana. Njoo na namba yako ya NIDA.