LibreOffice Calc imemaliza vita yangu na misimbopau

Nauza sabuni na vipodozi mtandaoni hapa Nairobi, vingi vikiwa vimetengenezwa Kenya. Mfumo wa duka hunipa faili la CSV (jedwali la maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa koma) lenye orodha nzima, nalipitia, kisha nalipandisha Google Merchant Center, huduma ya Google ya kupokea orodha za bidhaa za wauzaji. Kwa muda mrefu bidhaa zilikuwa zikikataliwa kwa sababu ileile: msimbopau si sahihi. Nikishika chupa na kuilinganisha na rekodi ya duka, tarakimu zote 13 ziko sawasawa!

Kumbe zilikuwa zikiharibikia njiani. Programu ya lahajedwali niliyokuwa nikitumia ilizichukulia kama namba ya hesabu, ikazifupisha kuwa 6.16E+12. Ukihifadhi CSV katika hali hiyo, tarakimu zilizobaki zimepotea kabisa. Misimbopau inayotolewa Kenya huanza na 616, kwa hiyo losheni, sabuni na mafuta ya nywele vyote viligeuka 6160000000000. Na hiyo si halali hata kidogo, kwa sababu tarakimu ya mwisho hukokotolewa kutokana na zile 12 za mwanzo, na hapo ilipaswa kuwa 5.

LibreOffice Calc, programu ya lahajedwali ninayotumia sasa, ni ya bure, na ninachoipendea ni kile kidirisha kinachotokea kabla CSV haijafunguka. Nachagua UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi, ili majina yenye herufi kama é yasiharibike, naweka koma kuwa kitenganishi, halafu nabofya safuwima ya gtin, yaani ya namba za misimbopau, na kuipanga kuwa maandishi. Basi. Namba inabaki ilivyo, hata zile zinazoanza na sifuri. Ukiiacha safuwima hiyo kwenye chaguo la kawaida, sifuri za mwanzo zitadondoka vilevile, kwa hiyo usiharakishe kubofya Sawa. Wakati wa kuhifadhi itakuuliza kama unataka ODF, muundo wake wenyewe wa faili. Kataa, baki na CSV.

Upande wa bei Calc haina msaada mkubwa. Bei iandikwe 1250.00 KES, bila koma ya maelfu, na ilingane na ile mteja anayoiona kwenye ukurasa wa bidhaa. Ukishusha bei dukani Ijumaa na faili likabaki la Jumatatu, bidhaa inaweza kukataliwa hata kama msimbopau wake ni safi. Mimi sasa nikigusa bei tu, natoa faili jipya saa hiyohiyo.