Lango la hospitali ya umma: polisi au walinzi wa kampuni?

Kila vurugu zikizuka katika hospitali ya umma nchini Kenya, mjadala huu hurudi. Kwa gharama, polisi ni nafuu kwa kaunti, maana mshahara wao hutoka serikali kuu. Kampuni hula bajeti ya afya. Ila afisa wa polisi huweza kuhamishwa wakati wowote.

Zito zaidi ni nani anawasimamia. Polisi akiua au kujeruhi vibaya, IPOA, mamlaka huru iliyoundwa kwa sheria ya 2011, ina uwezo wa kumchunguza. Walinzi wa kampuni wako chini ya sheria ya 2016, inayotaka wasajiliwe na wapate mafunzo. Hapo polisi wamebanwa zaidi. Mlinzi wa kampuni hutii anayemlipa, na amri ya mlipaji inaweza kuwa mbaya: mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua kwamba kuwazuilia wanawake wawili katika hospitali ya Pumwani kwa sababu ya bili ya uzazi kulikiuka haki zao. Hilo linaniuma hadi leo. Aliyejifungua si mfungwa.

Lakini bunduki wodini humfanya majeruhi wa maandamano aogope hata kuja kutibiwa.

Hospitali kubwa inayopokea majeruhi wa risasi na visu usiku kucha inahitaji kituo cha polisi karibu na idara ya dharura. Kwa wodi za uzazi na zahanati, ningechagua walinzi wasio na silaha, mradi mkataba uwakataze waziwazi kumzuilia mgonjwa, na namba ya malalamiko ibandikwe langoni.