Vitabu vya majini kwa mtoto wako: kipi ununue kwanza

Mtoto wa pwani hasubiri kitabu kimfundishe habari za majini. Kabla hajajua kusoma ameshaambiwa asipite chini ya mbuyu wakati wa magharibi, asimwage maji ya moto usiku bila kusema bismillahi, na kwamba majini wamo wema na wamo waovu, kama binadamu tulivyo. Mtoto huyo ukimpa kitabu ambacho jini anachomoka kwenye taa, anainama, anagawa matakwa matatu na kisa kinaisha, atakisoma mara moja na hatakigusa tena.

Kila Jumamosi nasoma na watoto wa nyumbani kwangu na wa majirani, na mpangilio huu nimeupata kwa kuangalia vitabu walivyovimaliza na walivyoviacha katikati. Kipimo changu ni kimoja: je, nguvu za jini zina gharama? Kama jini hachoki, hana ukoo, hana anachokiogopa wala hana anayemjibu kwa matendo yake, weka pesa yako mfukoni.

Cha kwanza: The Akhenaten Adventure cha P. B. Kerr

Kilitoka mwaka 2004, nacho kinafungua mfululizo wa vitabu saba uitwao Children of the Lamp. John na Philippa Gaunt ni mapacha wa miaka 12 wanaoishi New York. Wanang'olewa magego ya mwisho, yale ambayo wengi wetu huota ukubwani, na baada ya hapo mambo ya ajabu yanaanza kuwatokea. Wanapelekwa London kwa Nimrod, kaka wa mama yao, naye anawafumbulia siri ambayo mama aliificha miaka yote: wao ni majini, na ujini wao umetoka upande wa mama. Watoto wangu hawakuhitaji kuelezwa kwa nini kazi hiyo imemwangukia mjomba. Mambo mazito ya ukoo, kwetu pia, mjomba ndiye anayekalishwa kitako kuyasema.

Kutoka hapo wanakwenda Cairo kujifunza ujini, na huko wanaingia katika msako wa majini waliopotea tangu enzi za Farao Akhenaten. Vituko ni vingi, lakini kilichokipandisha kitabu hiki juu ya vingine ni sheria zake. Jini kaumbwa kwa moto, kwa hiyo baridi humlegeza. Nafasi finyu humtia hofu, na ukikumbuka chupa na taa ambamo majini hufungiwa utaona hofu hiyo ina sababu. Kila tendo la uchawi hula sehemu ya uhai wake. Tena hawezi kutenda lolote mpaka awe na neno lake mwenyewe la kukusanyia nguvu, neno ambalo hatalitamka kwa bahati mbaya katika mazungumzo ya kawaida. La John ni ABECEDARIAN. La Philippa ni FABULONGOSHOOMARVELISHLYWONDERPIPICAL, na tulipolifikia kikao kizima kilivunjika, kila mtoto akijaribu kulitamka kwa pumzi moja. Wiki iliyofuata walikuja na maneno yao. Mmoja alichagua "mbambakofi", akaniambia, "Shangazi, hili hata nikiota siwezi kulisema bure." Mtoto aliyefika hapo ameshaingia kitabuni na mwili wake wote.

Majini wa Kerr wamegawanyika makabila sita. Marid, Jinn na Jann wako upande wa wema. Ifrit, Shaitan na Ghul wako upande wa uovu, na pande hizi mbili zinavutana juu ya mizani ya bahati duniani. Majina haya hayatakuwa mageni kwa msomaji wa Kiswahili. Nani hajawahi kumsikia bibi akimwita mtoto mtundu afriti?

Hapo hapo pana jambo ambalo mzazi Mwislamu anafaa kulijua kabla ya kulipa. Kati ya Ifrit yumo adui aitwaye Iblis, naye amechorwa kama mhusika wa hadithi mwenye familia na visa vyake. Binti wa jirani yangu, anayesoma madrasa, aliweka kitabu chini akaniuliza kama ni halali kuendelea. Tulizungumza: haya ni mambo aliyoyabuni mwandishi, na yale uliyofundishwa chuoni yabaki pale pale yalipo. Akaendelea kwa amani. Mazungumzo hayo yafanye mapema, ili mtoto asiubebe mzigo huo peke yake. Mzazi Mkristo ambaye kanisani kwake majini hukemewa kila wiki anaweza kuwa na swali la namna hiyo hiyo, na jibu lake alipange vilevile kabla.

Kasoro zipo. Mapacha ni watoto wa matajiri, na Misri tunaiona kwa macho ya mgeni wa hoteli: tunamjua mjomba na mtumishi wake Groanin, mwenye mkono mmoja, kuliko tunavyowajua Wamisri wenyewe. Nimrod anavuta sigara kubwa. Vitabu vya mwisho vya mfululizo vinarefuka na kulegea. Bado kwa mtoto wa miaka 9 hadi 12 anayesoma Kiingereza vizuri, sijaona cha kukishinda.

Ukikinunua kwa wauza vitabu vya mtumba, angalia mambo mawili. Kwanza ni mpangilio. Mara yangu ya kwanza muuzaji mmoja alinihakikishia kwamba chochote katika mfululizo huu kinaweza kusomwa peke yake. Nikabeba cha nne, na mtoto akakaa wiki mbili akiuliza nani ni nani. Kumbe mwandishi ameacha alama. Ruka neno The katika jina, kisha tazama herufi ya kwanza ya neno linalofuata: Akhenaten, Blue, Cobra, Day, Eye, Five, Grave. Ni A mpaka G, na ndivyo vinavyofuatana. La pili ni jina la mwandishi. Vitabu vya watoto vimeandikwa P. B. Kerr. Vyenye jina Philip Kerr ni vya mtu huyo huyo, lakini ni riwaya za upelelezi za watu wazima, nyingi zikihusu Ujerumani ya Wanazi. Usivichanganye kwenye begi moja.

Usikimbilie seti nzima. Nunua cha kwanza, na mtoto akikudai cha pili ndipo utoe pesa nyingine.

Cha pili: Adili na Nduguze cha Shaaban Robert

Wengi watashangaa kukikuta hapa, kwa kuwa tumezoea kukihesabu kuwa kitabu cha shule. Kilichapishwa mwaka 1952, ni chembamba, bei yake ni nafuu kuliko vingine vyote vya kununua katika orodha hii, na ndani yake yumo jini wa kike ambaye sijamwona mfano wake katika vitabu vya Wazungu.

Adili ni liwali chini ya mfalme aitwaye Rai, na kila usiku huwapiga manyani wawili, ingawa jambo hilo linamtia uchungu. Habari zinamfikia mfalme, Adili anaitwa ajieleze, na hapo ndipo hadithi inapofunguka. Manyani wale ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu, waliomtosa baharini kwa wivu. Huria, jini ambaye Adili aliwahi kumtendea wema, alimwokoa, akawageuza wale wawili kuwa manyani na kuamuru adhabu ile. Huria hasubiri mtu asugue taa. Anakumbuka fadhila, anaweka hukumu, na anayeteseka zaidi kwa hukumu hiyo ni yule yule aliyekusudia kumtetea. Kwa kipimo changu cha gharama, Shaaban Robert amewapita wote.

Kwa nini basi si cha kwanza? Ni kwa sababu ya lugha na huzuni. Kiswahili chake ni cha kale na kimejaa mafumbo. Mtoto wa miaka 10 akiachiwa peke yake atachoka ukurasa wa pili. Kitabu hiki ni cha kusomewa kwa sauti, kurasa chache kila usiku, mzazi akifafanua neno hapa na pale. Mapigo ya kila usiku yanaweza kumwumiza mtoto mwenye moyo laini, kwa hiyo chini ya miaka 10 ningengoja. Ukikisoma hivyo, mtoto atapata pia mlango wa kuingilia Alfu Lela Ulela, maana mifupa ya kisa hiki imetoka huko.

Cha tatu: Nura and the Immortal Palace cha M. T. Khan

Hiki ni cha mwaka 2022. Nura ana miaka 12 na anafanya kazi katika mgodi wa madini ya ulanga (mica) huko Pakistan ili familia ipate chakula. Mgodi unaporomoka, naye akiwa anawatafuta wenzake anajikuta katika ulimwengu wa majini, kwenye hoteli ya fahari ambayo ukishafungwa kwa mkataba wake hutoki. Mtoto anayechimba badala ya kwenda shule si habari ya mbali kwa msomaji wa Geita au wa Kolwezi. Mwandishi anaijua dini na mila za nyumba anayoisimulia, na jambo hilo linaonekana kwenye vyakula na salamu. Sura zake ni fupi kuliko za Kerr na Kiingereza chake ni chepesi. Mtoto wa kike asiyejiona katika mapacha wa New York nitampa hiki kwanza, hata kama mpangilio wangu unasema vingine.

Vinavyofuata

Kwa kijana wa miaka 12 na kuendelea, nunua The Amulet of Samarkand cha Jonathan Stroud, cha mwaka 2003. Bartimaeus ni jini mwenye umri wa maelfu ya miaka anayetumikishwa kwa nguvu na mvulana mwanafunzi wa uchawi katika London inayotawaliwa na wachawi, na sehemu kubwa anaisimulia mwenyewe, kwa maneno makali na tanbihi chini ya kurasa. Ni hadithi ya utumwa iliyosimuliwa na mtumwa. Ina giza na ukatili wa hapa na pale. Kwa ubora wa uandishi ningekipa nafasi ya juu kabisa, lakini hapa napanga kwa mtoto wa darasa la nne hadi la saba. Tanbihi zile zinasumbua kwenye simu, kwa hiyo nunua cha karatasi.

Kwa mtoto wa miaka 8 hivi asiyependa kusoma kipo The Wishmakers cha Tyler Whitesides, ambamo jini anatoka kwenye kopo la siagi ya karanga na kila takwa lina adhabu yake. Ni chepesi na cha kuchekesha.

Na kama pesa hamna mwezi huu, Five Children and It cha E. Nesbit, cha mwaka 1902, kinapatikana bure kihalali kwenye Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni. Mtoa matakwa wake ni kiumbe wa mchangani asiye jini, ila vitabu vingi vya matakwa vilivyofuata vimerithi kwake: kila takwa linakwisha jua likizama, na kila moja linaleta balaa. Yapo maneno ya dharau kuhusu watu wa mataifa mengine, kama vitabu vingi vya zama zile, kwa hiyo kaa karibu na mtoto.

Kimoja usikinunue kwa makosa: The City of Brass cha S. A. Chakraborty. Jalada lake linapendeza, hadithi inaanzia Cairo, majini wamejaa tele, lakini kimeandikwa kwa ajili ya watu wazima.

Kabla ya kulipa

Fungua ukurasa wowote katikati na umwambie mtoto asome kwa sauti, akikunja kidole kwa kila neno asilolijua. Vidole vyote vitano vikikunjwa kabla ya ukurasa kuisha, kitabu hicho mtakisoma pamoja au kitangoja mwaka. Pindua mgongo wa kitabu taratibu usikilize gundi. Ikilia kwa ukavu, kurasa zitaanza kudondoka kabla mapacha hawajafika Cairo. Kwetu sisi wa pwani kinuse pia. Harufu ya ukungu haitoki hata ukianika kitabu juani, na inahamia kwenye vingine rafuni. Hesabu kurasa za mwisho kama zipo zote.

Ukiwa na pesa ya vitabu viwili tu, chukua cha Kerr akisome mwenyewe mchana, na Adili na Nduguze umsomee wewe usiku.