Hoteli ndogo ya Kiponda: ombeni chumba cha juu

Mie kazi yangu uashi, kwa hiyo nikiingia nyumba ya Mji Mkongwe wa Zanzibar huangalia boriti kabla ya kitanda. Tangu upande wa Beit al-Ajaib, lile jumba kongwe la pale mjini, uporomoke Disemba 2020, hata mke wangu naye huangalia.

Hoteli hii mtoto wetu ndiye aliyetuchagulia, tulipovuka kutoka Pemba kuja harusini. Gari haifiki mlangoni. Kijana wa hoteli alitufuata Darajani akatubebea mizigo. Ngazi zake ni za mbao na zimesimama hasa, mwenye magoti mabovu ajipime kwanza.

Tulianza kwa kupewa chumba cha chini, pembeni mwa mlango mkubwa. Kuta za mawe na chokaa hunyonya unyevu wa ardhini na kuutoa kwenye hewa taratibu. Ukuta mmoja wa chumba hicho wameupiga saruji, basi maji yamekwama ndani, chumvi inachomoza, rangi inabambuka. Wamepaka rangi mpya juu yake na kufukiza udi. Udi ulikuwa mzuri, wallahi, lakini harufu ya ukungu ilikuwa pale pale. Nikaomba tuhamishwe, na binti wa mapokezi akatuhamisha bila kununa wala kuongeza bei.

Huko juu ndiko kwenye hoteli yenyewe. Boriti za mikoko zimeachwa wazi, kuta ni chokaa tupu, nene, na mchana wa jua kali tulizima kiyoyozi tukafungua madirisha. Chumba ni kirefu na chembamba. Wageni wengine nimesikia wakilalamikia wembamba huo, kumbe mjenzi wa zamani alipima upana wa chumba kwa urefu wa boriti, na mkoko una mwisho wake. Vidaka vya ukutani havikuzibwa; mke wangu aliweka humo msahafu na miwani yake. Kitanda ni samadari, kile cha kizamani, kirefu mpaka upandie kigoda. Bafuni maji hutoka kwa kudondoka asubuhi watu wote wakioga pamoja. Na adhana ya alfajiri inaingia kutoka kila upande. Sisi tulifurahi, asiyeizoea ajue mapema.

Chai ya asubuhi hunywewa darini, juu ya mabati yenye kutu ya nyumba za jirani, na bahari unaiona upande wa Malindi. Siku ya kwanza tukaletewa slesi za mkate, jemu ya pakiti na kahawa ya unga. Na soko la Darajani liko hatua chache tu! Nikamuuliza mpishi, Mpemba mwenzangu kwa lafudhi: “Mwanangu, mbaazi hakuna?” Akacheka: “Mzee, wageni hawazitaki.” Kesho yake akatuwekea mbaazi za nazi na mandazi ya moto. Wazungu wa meza ya pili wakachungulia, wakaagiza na wao.

Bei iliyobandikwa ni ya dola. Ukitoa kitambulisho cha mkaazi inashuka vizuri, lakini usipouliza hakuna atakayekwambia, na hilo sikulipenda. Ningerudi, bei hiyo hiyo na chumba kile kile. Ila wakati wa masika, wakikwambia vya juu vimejaa, tafuta pengine. Cha chini usikichukue hata kwa nusu bei.