Tom au Garfield: paka yupi ni paka kweli?

Katuni za Tom na Jerry, kazi ya William Hanna na Joseph Barbera, zilianza 1940 na kutwaa tuzo 7 za Oscar. Garfield wa Jim Davis alitokea magazetini 1978. Mimi ni wa Tom, tena bila kusita. Garfield mvivu, mlafi, anachekesha, lakini namwona ni binadamu aliyevishwa manyoya. Tom hasemi sana. Mwili wake ndio unaosema. Paka wetu Nyau akiona mjusi ukutani alinyata, tumbo likigusa sakafu, mkia ukichezacheza, taya zikitetemeka kwa uchu. Ndivyo Tom alivyochorwa! Garfield nampa jambo moja: usingizi. Hapo Nyau alikuwa ndugu yake kabisa.