Siku moja Sipi na watoto watatu na bibi yao

Tunaishi Tororo, mashariki mwa Uganda, na miaka yote Mlima Elgon tulikuwa tunautazama kwa mbali tu. Jumamosi iliyopita tukafunga safari: mimi, mume wangu, watoto watatu (mdogo ana miaka sita) na mama mkwe. Tulitoka saa kumi na mbili asubuhi, tukapita Mbale, na kabla ya saa tatu na nusu tulikuwa Sipi, penye maporomoko ya maji, wilaya ya Kapchorwa. Kona za kupandia mlima ni kali. Mwenye mtoto anayetapika garini abebe mifuko.

Ninayemsifu kwanza ni mwongozaji tuliyempata pale kijijini, kijana wa Kisebei, kabila la huko, anayezungumza Kiswahili safi kabisa. Kabla hatujapiga hatua alitukalisha, akataja bei yote pamoja na kile wanachopewa wenye mashamba tunamopita. Njia nzima hakuna aliyetudai shilingi nyingine.

Maporomoko ni matatu. Lile kubwa la chini linaanguka karibu mita 100, na kulifikia ni kushuka njia ya udongo yenye kuteleza. Kijana alimwangalia mama mkwe miguuni, akamwambia kwa upole, "Mama, hili utalifaidi zaidi ukiwa huku juu." Akamwombea kiti kwenye nyumba ya jirani, penye kivuli cha mgomba, ndipo akatushusha sisi. Heshima ile sikuinunua, na sitaisahau.

Watoto walitekwa na poromoko la Simba. Pale unapita pangoni, nyuma ya maji yenyewe. Kelele zinaziba masikio, manyunyu yanalowesha kope, na ukitazama nje, mashamba yote ya bondeni yanatetemeka nyuma ya maji. Mwanangu mdogo alining'ang'ania kiunoni, kisha taratibu akanyoosha kiganja kukinga matone. Tulikaa pale hadi nguo zikaloa.

Mchana tukaenda kwenye shamba la kahawa, arabika inayojulikana kwa jina la Bugisu. Watoto walichuma matunda mekundu, wakayaminya, punje zikachomoka na utelezi wake mtamu, wakazinyonya kama peremende. Kahawa iliyokauka ilitwangwa kwenye kinu, ikapepetwa kwa ungo, ikakaangwa juu ya mafiga mpaka ikaanza kupasuka kwa mlio. Mama mkwe alimpokonya mume wangu mchi akatwanga mwenyewe. Maisha yake yote ni mtu wa chai, lakini pale alimaliza kikombe akaomba cha pili.

Lililoniudhi ni chakula. Mgahawa mmoja ulituweka karibu saa mbili kwa kuku na chipsi, watoto wakalala mezani. Agizeni chakula kabla ya kuanza kutembea, mkirudi mkikute tayari.

Jueni pia kwamba maporomoko haya yako nje ya Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon. Anayetaka msitu wenyewe, wenye mianzi na mbega, aende lango la Kapkwai, ambako kiingilio hulipwa kwa mamlaka ya wanyamapori. Sisi hatukupata muda, maana saa tisa mvua ilishuka na njia ikageuka tope. Vaeni viatu vyenye meno. Ndala za binti yangu mkubwa zilikatika kwenye mteremko wa kwanza, akamaliza safari na raba za baba yake.